Safi Alipoacha Kumeza

Kama uko na mgonjwa nyumbani na amekataa dawa, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sikusoma sana. Niliishia darasa la sita, upande wa Kongo, kabla hatujavuka ziwa. Habari za wadudu wa kifua wauguzi watakueleza vizuri kuliko mimi. Nitaeleza yale niliyoyaona kwenye benchi la kliniki na ndani ya nyumba yangu. Nitasema pia mabaya yangu, maana ukiyakosa hayo hutaelewa kwa nini binti yangu alitaka kufa.

Tulikuwa wanne: mume wangu, Safi mwenye miaka kumi na minane, mdogo wake Kito aliyekuwa bado ananyonya, na mimi. Tuliacha mashamba ya kambi ya wakimbizi tukapanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la Kashikishi, upande wa Zambia, kwa ajili ya biashara ya chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani. Mume wangu alivua, mimi na Safi tulianika na kuuza.

Mume wangu alikohoa kiangazi chote. Tulisema ni baridi ya majini, ni moshi, ni uchovu. Alipofika kliniki alikuwa hawezi kupanda mwenyewe kwenye mizani. Walimpa dawa ya tibi, lakini alikuwa amechelewa. Alikufa mvua za kwanza zilipoanza, dawa haijamaliza wiki tatu. Safi ndiye aliyemlisha uji, aliyemwosha, aliyelala chini karibu na kitanda chake. Kwenye kilio majirani walinishika mkono wakasema, "Mama Safi, weye uko na mutoto wa kweli." Nikaitika.

Mwezi wa kwanza wa mwaka mpya, ziwa likiwa limefungwa ili samaki wazae, Safi akaanza kukohoa.

Ule ni wakati wa njaa kwetu. Hakuna mtumbwi unaotoka, hakuna cha kuanika. Tulikula sombe, majani ya mihogo, bila mafuta, na bukari, ugali wa mihogo, mara moja kwa siku. Nilipoona anakonda nilisema ni njaa. Nilipoona blanketi lake asubuhi limelowa jasho hata unaweza kulikamua, nilisema ni huzuni, anamlilia baba yake. Nilikuwa nimeuona ugonjwa huu kuanzia mwanzo mpaka kaburini, na bado niliutafutia majina mengine kwa miezi miwili.

Ziwa lilipofunguliwa, watu wote walikimbilia ufukweni. Mji mzima ulinuka samaki wabichi, wanawake wakatukanana kwa furaha juu ya ndoo, na mimi na Safi tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kliniki. Wanaokohoa wanawekwa nje, chini ya bati, mbali kidogo na wajawazito. Kila mtu anaangalia miguu yake. Unakohoa ndani ya kikopo, unaandika jina, unarudi kesho. Kesho unaambiwa mashine haina umeme, rudi tena. Siku ya tatu muuguzi alimpima Safi kilo, thelathini na nane, halafu akasema neno lile nililolijua.

"Miezi sita," alisema. "Nyumbani nani atamwona akimeza?"

"Mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaniita pembeni akanikabidhi kwa mama mmoja mnene, Mzambia, anayejitolea kutembelea wagonjwa nyumbani, aliyekuwa amefika hata kwa mume wangu. Jina lake Bana Chola, ndiyo kusema mama wa Chola. Siku nyingine zote anauza chisense sokoni, na Kiswahili chake ni kile cha soko. Aliniangalia juu mpaka chini akasema, "Bana Safi, na weye kula, mukwai, tafadhali. Mgonjwa mmoja anatosha."

Wiki ya kwanza ilikuwa hata na kicheko. Vidonge vile ni vyekundu, na mkojo unageuka rangi. Safi alipiga kelele: "Mama! Niko nakojoa damu!" Nilikimbia kliniki na Kito mgongoni, muuguzi akacheka mpaka akashika meza. "Ni dawa inatembea, mama." Tangu siku hiyo Safi akinipa ndoo asubuhi nikamwage alisema, "Chukua, niko natengeneza jusi ya machungwa. Nenda uza."

Halafu kicheko kikaisha. Nilimtengea sahani na kikombe chake, nikavifunga uzi mwekundu. Majirani wakaacha kutuma watoto wao kuomba chumvi. Mwili wake ulibadilika mbele yangu. Mifupa ya shingo ilitokeza, maziwa yakaanguka kama ya bibi, hedhi ikakatika. Sketi ya shule aliishika kwa kamba. Dawa ilimtapisha, na tumbo tupu halikuwa na cha kutapika. Kioo kidogo alichokuwa anakipenda alikigeuza kikatazama ukuta.

Mwezi wa nne wa mwaka alianza kuniambia, "Mama, niko naona nitakufa sawa na baba."

Mimi ni mtu wa maneno machache. Wanaonijua watakwambia. Lakini woga ulinipa ulimi. Kila aliposema hivyo nilimrukia: "Usiseme vile! Shetani anasikia! Kaza roho. Yesu ni munganga." Anasema anaogopa, nasema kaza roho. Anasema kifua kinauma, nasema wengine wameumwa zaidi yako. Baba yake pia, siku moja alitaka kuniambia kitu akiwa kitandani, na nilimjibu kwa sala kutoka uani mpaka akanyamaza. Sikujifunza.

Ndipo nikaenda kuwaita wamama wa sala wa kanisa letu.

Nataka unielewe hapa, maana wamama wale si watu wabaya. Walikubali mara moja. Walikuja Alhamisi saa kumi, wanane, na walitoka moja kwa moja kwenye kilio cha mzee mmoja karibu na bandari. Walikuja na mikeka yao kwapani. Vitenge wamevifunga kiunoni, vichwa viko wazi, kama tunavyokaa kwenye msiba. Nyumbani mwangu kulikuwa na kigoda kimoja tu. Kwa hiyo walitandika mikeka kuzunguka kitanda cha Safi, wakakaa chini, wakanyoosha miguu. Na mimi, kwa sababu nafasi iliyobaki ilikuwa ya ukutani, nilikaa ukutani, nikafungua kilemba maana kulikuwa na joto. Pale ukutani ndipo anapokaa mama mwenye kufiwa. Wakaanza kuimba, na wimbo uliotoka ni ule uliokuwa bado mdomoni mwao, ule tunaouimba tukingoja sanduku la maiti liletwe.

Safi alikuwa amelala. Alifumbua macho. Akatuangalia mmoja mmoja, mikeka, miguu, vichwa. Akaniangalia mimi.

"Mama, nani alikufa?"

Tulikuwa katikati ya ubeti. Mama mmoja alimpapasa mguu akasema, "Lala, mwanangu. Lala."

Kuanzia siku hiyo Safi akawa mgonjwa mzuri. Hakunisumbua. Hakusema tena juu ya kufa. Nilimpa vidonge vitatu, aliviweka mdomoni, akanywa maji, akafungua kinywa nione. Alisema "aksanti". Mimi nilifurahi. Kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba maombi yamemgeuza mtoto.

Baridi ya mwezi wa sita iliingia, ile inayoleta ukungu juu ya ziwa. Asubuhi moja nilikuwa namwaga ndoo nyuma ya choo, na nilisimama nayo mkononi. Mkojo ulikuwa mweupe kama maji ya mchele. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho ulikuwa na rangi, sikuweza. Kila siku nilikuwa nimemwaga ndoo ile bila kuiangalia.

Niliingia ndani nikavuta mto wake. Alijaribu kuushika, lakini hakuwa na nguvu. Ndani, kati ya matambara, vidonge vilikuwa vimeshikana kama kinyesi cha mbuzi, vingi, na rangi yao nyekundu imepenya kitambaa. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, nikigeuka anavitema.

Nilimpiga kofi. Mgonjwa wa kilo zile, nilimpiga kofi usoni.

"Unataka kuniua? Baba yako hakutosha?"

Hakulia. Alisema taratibu tu, "Nani anakuua? Nyinyi mulikwisha kunikalia kilio. Mulikalia mikeka, mukaimba, weye ulifungua kichwa. Miye niko nangoja tu sanduku."

Nilimwambia hapana, wamama walikuja kukuombea. Nilimwambia viti havikuwepo. Nilimwambia Mungu anakupenda, kaza roho, fikiri juu ya Kito. Maneno yalinitoka kama maji kwenye pipa lililotoboka. Yeye akageukia ukuta. Siku mbili hakumeza hata kwa uongo.

Kliniki walimpima: thelathini na tano. Makohozi bado yalikuwa na wadudu. Muuguzi alifunga kadi akaniambia polepole, kama anavyosema na mtu asiyesikia vizuri: "Mama, ugonjwa ukizoea dawa hizi, hazitauweza tena. Kama hatameza wiki hii, sijui nitakuambia nini wiki ijayo." Nilirudi kwenye benchi. Watu waliangalia miguu yao. Nilitaka mmoja wao ainue macho, hata kunitukana.

Nilimfikisha Safi kitandani, lakini sikukaa nyumbani. Nilikwenda sokoni, kwa Bana Chola.

"Mwaiseni, Bana Safi," alisema. "Karibu. Uso gani huo?"

"Mutoto amekataa dawa. Iko anataka kufa."

Hakusema pole. Alinisogezea gunia nikae, akanimwagia rundo la chisense nitoe mawe. Nikatoa mawe na machozi yakaanguka kwenye samaki wa watu. "Usiongeze chumvi," alisema, "wataninunulia bei ndogo." Nikacheka, nikaona aibu kucheka.

Akaja mnunuzi mmoja, akasimama mbele ya samaki bila kusema. Mimi nikafungua mdomo nimkaribishe kama tunavyofanya, bei nzuri, karibu mama. Bana Chola akanifinya paja. Mnunuzi yule akasimama sana. Akashika samaki, akanusa, akarudisha. Mwisho akasema, "Nipimie makopo mawili," na wakati anapimiwa akaanza kueleza kwamba wageni wanakuja kutoka Kilwa, kile kisiwa cha humu ziwani, na mumewe amekasirika, na mengine mengi.

Alipoondoka Bana Chola akasema, "Umeona? Mutu akisimama kimya, iko anatafuta neno lake. Ukimuita-ita, anakwenda kwa mwenzako. Na weye mutoto wako unamuita-ita. Kaza roho, kaza roho. Mimi nilipofiwa na bwana walinifariji wiki mbili, mpaka nikatafuta mwiko niwapige."

"Sasa niseme nini?"

"Muulize mara moja. Halafu funga kinywa. Na usikae chini tena, awe, hapana, usikae kama kwenye kilio. Kaa juu, karibu na uso wake. Akisema, usijibu."

"Ata akisema uongo?"

"Ata uongo." Akapepea nzi. "Na kama atasema kweli?"

Nikaendelea kutoa mawe. Nadhani alijua mengi kuliko nilivyomwambia. Wagonjwa wote aliowatembelea, hata mume wangu, alikuwa amewaona na nyumba zao.

Nilirudi, nikageuza ndoo tupu, nikaikalia kando ya kitanda, karibu kuliko nilivyowahi kukaa. Nilisema, "Safi, kitu gani kinakuumiza kushinda vyote?"

Akaangalia ukuta. Nikanyamaza.

Wewe unayesoma, usidhani kunyamaza ni kitu rahisi. Niliuma ulimi. Nilihesabu matofali. Kito alilia uani, nikamwacha alie. Vifungu vya Biblia vilinipanda kooni kama kichefuchefu, nikavimeza. Siku ya kwanza hakusema neno. Siku ya pili alisema, "Utachoka." Nilitaka kumwambia sitachoka, mimi ni mama yako. Nilinyamaza. Hakumeza siku hiyo pia, na nilipomwona anakohoa nilifikiri ninamuua kwa kunyamaza, Bana Chola ni mjinga, na mimi mjinga zaidi.

Siku ya tatu, jua limepinda, alisema akiwa bado amegeukia ukuta.

"Nikikuambia utakasirika."

Sikusema.

"Ulinitumaka mu shambre ya baba. Ulisema, Safi ingia weye, una nguvu. Weye ulibakia inje. Chakula uliweka apa, ku mulango, ukanigongea. Siku zote zile haukuingia ata mara moja mpaka alipokufa. Ulijua huu ugonjwa unapita kwa mutu. Ulijua, na ulinituma miye."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa tayari tangu siku ya mazishi: Kito alikuwa ananyonya, nikiugua mimi angekufa na yeye. Ni jibu la kweli. Lakini si kweli yote, na mtoto wangu alijua. Nililishika jibu lile kama mtu anavyoshika kaa la moto, nikaona kwamba "kaza roho" zangu zote, sala zangu zote, nilikuwa ninazirundika ili maneno haya yasipate mahali pa kutokea.

"Ni kweli," nilisema. "Niliogopa kufa. Nilikutuma weye juu niliogopa."

Akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nzima kuona uso wake wote.

Nikamwuliza, maana ilikuwa lazima: "Baba yako alisemaka nini?"

"Kila siku aliniuliza, mama yako iko wapi? Nilimwambia uko mu soko. Asubuhi, mu soko. Mangaribi, mu soko. Ata siku ya Mungu, soko imefungwa, nilimwambia uko mu soko."

"Na yeye?"

"Alicheka kidogo. Alisema, basi biashara iko muzuri sana."

Nililia pale juu ya ndoo. Kwenye kilio chake nilikuwa nimelia kwa sauti kama inavyotakiwa, lakini machozi haya yalikuwa mengine, na hayakuwa na sauti. Safi hakunibembeleza. Hakunishika mkono. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza mwenyewe, na leo ninajua kwamba hakuna aliyewahi kunifariji vizuri hivyo.

Kisha akasema, "Leta maji."

Alimeza vidonge vitatu, kimoja kimoja, akafungua kinywa. Nikamwambia sitaki kuona. Akasema, "Angalia." Nikaangalia.

Usidhani baada ya hapo kulikuwa kweupe. Kliniki walianza kuhesabu upya tangu siku ya kwanza. Alitapika, alilaani dawa, alinilaani mimi. Alipoweza kukaa alinieleza mengine juu ya baba yake, kwa vipande, na vingine vilikuwa vibaya kuliko cha kwanza. Kuna siku aliniambia, "Leo sitaki kukuona," nikaweka maji na dawa, nikamwuliza kama Bana Chola aje, akasema ndiyo. Joto la mwezi wa kumi lilimkuta anakula bukari mwenyewe. Hedhi ilirudi. Alimaliza dawa wakati ziwa limefungwa tena, tukiwa na njaa ileile, na makohozi yake yalikuwa safi. Kilo arobaini na saba. Muuguzi alimpigia makofi, na watu wa kwenye benchi wakageuka kuangalia.

Wamama wa sala niliwaeleza yote, kanisani, mahali palepale nilipotoa ule ushuhuda. Walikasirika mwezi mmoja. Sasa wakienda kwa mgonjwa wanatangulia nyumbani kwao kuoga na kufunga vilemba, na wanaazima viti.

Bana Chola ananiita mara kwa mara: kuna mwanamke amepewa majibu mabaya, kuna mzee hataki kula. Ninakwenda. Mara nyingi sijui kama ninasaidia. Wawili niliokaa karibu nao wamekufa. Mmoja wao, mvuvi, alinieleza siku nne mfululizo habari za mtumbwi wake tu, ubao kwa ubao, na siku ya tano akafa. Mkewe aliniuliza alisema nini mwisho, nikamwambia ukweli, mtumbwi. Akasema, "Ni yeye kabisa."

Safi hajaniambia kwamba amenisamehe. Sijamwuliza, na sitamwuliza. Hilo ni neno lake, litakuja au halitakuja. Anauza na mimi, tunagombana juu ya chenji na juu ya wavulana. Wakati mwingine anapata vumbi la samaki na anakohoa, ndani, kwenye kile chumba cha baba yake. Nikikisikia kikohozi hicho miguu yangu inasimama yenyewe mlangoni, mpaka leo, na moyo unaniambia maneno yaleyale ya zamani, usiingie. Ninasimama kidogo. Halafu ninaingia.